Sindano ya Taya: Tiba ya Kusaga Meno au Urembo? Somo la Maadili ya Tiba



Katika somo hili tunashughulikia jambo ambalo miaka michache iliyopita lingeonekana ni la watu wa mbali: sindano inayochomwa kwenye msuli wa taya. Wapo wanaochomwa kwa sababu wanasaga meno usiku na kuamka na maumivu. Wapo wanaochomwa ili uso uonekane mwembamba. Katika matangazo ya kliniki za urembo mambo haya mawili huuzwa pamoja, kana kwamba ni jambo moja: uache kusaga meno, na papo hapo upate uso mwembamba. Kwa mhudumu wa kliniki ni chupa ileile na sindano ileile. Kwa mwanafunzi wa teolojia ya maadili ni matendo mawili tofauti, na sehemu kubwa ya somo letu ni kueleza kwa nini.

Tumelichagua kwa sababu waamini wa mijini wameanza kuliuliza, na majibu wanayopata mara nyingi hayawasaidii. Mmoja anaambiwa kwa ukali kwamba kugusa uso ulioumbwa na Mungu ni dhambi, hata kama anaumwa. Mwingine anaambiwa mwili ni wake, afanye apendavyo. Majibu yote mawili hutolewa kabla ya kusikiliza.

Msuli wenyewe, na sumu yenyewe

Weka vidole kwenye pembe ya taya, chini ya sikio, kisha uma meno kwa nguvu. Nyama inayovimba chini ya vidole ndiyo msuli wa kutafunia, ambao madaktari huuita masseta. Ni miongoni mwa misuli yenye nguvu sana mwilini ukilinganisha na ukubwa wake. Kama misuli mingine yote, ukitumiwa mno hunenepa. Mtu anayebana meno usiku kucha kwa miaka anaweza kupata taya pana, lililotokeza pembeni. Lakini wapo pia wenye taya pana kwa sababu ya mifupa waliyorithi kwa baba na babu, na hao sindano haiwapunguzii kitu, kwa kuwa haigusi mfupa.

Kinachochomwa ni sumu ya botulini, ambayo wengi wanaijua kwa jina la kibiashara la Botox, ingawa yapo makampuni mengine yanayoitengeneza. Neno sumu si la kutisha watu. Ni jina lake halisi. Hutengenezwa na kijidudu kinachoweza kuota katika chakula kilichofungiwa bila hewa, na ni kati ya sumu kali kuliko zote zinazojulikana. Mwanzoni mwa karne ya 19 daktari wa Kijerumani Justinus Kerner aliwachunguza watu waliokufa kwa kula soseji zilizoharibika. Ndiyo maana jina lake linatokana na neno la Kilatini botulus, yaani soseji. Mwaka 1895, katika kijiji cha Ellezelles huko Ubelgiji, wanamuziki waliokuwa wamepiga katika mazishi walikula nyama ya nguruwe iliyohifadhiwa vibaya, na baadhi yao wakafa. Profesa Émile van Ermengem ndiye aliyekitambua kijidudu kilichohusika.

Sumu hiyo inauaje? Inazuia neva isitoe kemikali inayouamuru msuli ukaze. Msuli unalegea, na ikiwa ni msuli wa kupumua, mtu anakufa. Ila uwezo huohuo, ukitumiwa kwa kiasi kidogo sana na mahali pamoja tu, unatibu. Daktari wa macho Alan Scott wa San Francisco aliutumia kwa wagonjwa wenye makengeza, na mwaka 1989 Marekani iliidhinisha dawa hiyo kwa makengeza na kwa kope zinazokazana bila hiari. Huko Vancouver, Canada, Jean Carruthers, naye daktari wa macho, aligundua kwamba wagonjwa wake walipotibiwa kope mikunjo ya kati ya nyusi ilipotea. Yeye na mumewe Alastair, daktari wa ngozi, waliandika kuhusu jambo hilo mwaka 1992, na mwaka 2002 Marekani iliidhinisha matumizi hayo ya urembo. Basi dawa ilitangulia, urembo ukafuata. Tulikumbuke hilo, kwa maana wapo wanaodhani sindano hii ni uzushi wa wapenda anasa tangu mwanzo.

Kusaga meno

Injili ya Mathayo inataja kusaga meno mara sita, na kila mara ni alama ya uchungu wa aliyeachwa nje. Katika Matendo ya Mitume wanaomsikiliza Stefano wanamsagia meno kwa hasira. Katika lugha ya Maandiko, basi, taya linalobana ni moyo uliojaa uchungu au ghadhabu. Madaktari wa leo wanakaribia hapo kwa njia yao: mahangaiko ya moyo na msongo wa mawazo ni miongoni mwa mambo yanayoongeza tatizo hili. Hata hivyo tusiharakishe kumwambia mgonjwa kwamba ana jambo la kuungama. Kusaga meno usingizini ni tendo la mwili lisilo na hiari, na pasipo hiari hakuna dhambi.

Huku kwetu wengi wameambiwa tangu utotoni kwamba mtoto anayesaga meno ana minyoo. Mama anampa dawa ya minyoo, anasubiri, na meno yanaendelea kulia usiku. Dawa ya minyoo ina faida yake, lakini uhusiano huo haujathibitishwa kwa ushahidi wa kuaminika. Watoto wengi husaga meno kwa kipindi na kuacha wenyewe wanapokua. Wapo wanaosema ni majini, na hao hutafuta maombezi kabla ya kumwona daktari wa meno. Sisi tungependa wafanye yote mawili, ila daktari asiachwe nje.

Kwa watu wazima mambo yanayochangia ni mengi: kahawa nyingi, pombe, sigara, baadhi ya dawa za sonona, na tatizo la kukatika pumzi usingizini. Madhara yake ni ya kweli. Ganda gumu la nje la jino hulika, meno hupasuka, kiungo cha taya kilicho mbele ya sikio huuma, na kichwa hugonga kila asubuhi. Kuna watu ambao kwa miaka wamemeza dawa za kutuliza maumivu ya kichwa bila yeyote kuwatazama meno.

Tiba ya kwanza si sindano. Daktari wa kinywa na meno hutengeneza kinga ya plastiki inayolingana na meno ya mgonjwa, ikavaliwa usiku ili meno yasigusane. Humfundisha kulegeza taya mchana, maana wengi hubana meno pia wakiwa macho, wakiandika au wakiendesha gari, bila kujua. Huchunguza usingizi na dawa anazotumia. Sindano inakuja baadaye, kwa wale ambao mambo hayo hayakuwasaidia. Na hata hapo tuseme ukweli wote: sindano hupunguza nguvu ya kubana, haiondoi chanzo cha kubana. Chanzo kiko katika ubongo na usingizi, siyo katika shavu. Uchunguzi wa wagonjwa waliolala huku misuli yao ikipimwa umeonyesha kwamba baada ya sindano vipindi vya kusaga huendelea, ila kwa nguvu ndogo. Kwa mwenye maumivu makali nafuu hiyo si ndogo. Inadumu takriban miezi mitatu hadi minne, kisha neva inaamka tena na sindano hurudiwa.

Taya lenye umbo la V

Nchi iliyolipa jambo hili sura ya biashara kubwa ni Korea Kusini. Huko uso unaosifiwa, hasa wa mwanamke, ni ule unaoteremka kwa wembamba hadi kidevuni kama herufi V, na taya pana huonekana ni kasoro. Kabla ya sindano njia iliyokuwapo ni upasuaji wa kukata pembe ya mfupa wa taya, jambo kubwa na la hatari. Sindano ilipokuja ikawa njia nyepesi: msuli uliozuiwa kukaza hupungua kwa kukosa kazi, kama mguu uliotoka kwenye plasta, na baada ya wiki kadhaa uso huonekana umepungua. Kutoka huko mtindo umesafiri kwa picha na simu hadi kwenye kliniki za Nairobi na Dar es Salaam.

Hapa tunaomba wasomaji wasimame kidogo. Anayetaka taya jembamba bila kuumwa anadhoofisha msuli wenye afya, unaofanya kazi uliyopewa, ili uonekane vingine. Hilo ndilo linalotofautisha tendo hili na kujipodoa. Poda haichukui nguvu ya kutafuna. Sindano inachukua, ingawa kwa muda: baadhi ya watu huona ugumu kutafuna nyama au muhogo mkavu kwa wiki za kwanza. Dawa ikisambaa hadi msuli wa jirani, tabasamu huenda upande. Wengine mashavu yao hubonyea wakaonekana wamezeeka kabla ya umri. Kwa wale wanaorudia mara nyingi, watafiti wamekuwa na wasiwasi kuhusu mfupa wa taya, kwa kuwa mfupa usiovutwa na msuli hupoteza uimara. Kwa wanyama jambo hilo limeonekana wazi, na kwa binadamu bado linajadiliwa.

Wazee wetu wa imani wanasemaje

Mtakatifu Tomaso wa Akwino hakujua sindano, lakini alijua rangi za usoni, na katika sehemu ya pili ya pili ya Summa, swali la 169, anajiuliza kama mwanamke anayejipamba anatenda dhambi. Jibu lake lina subira kuliko wengi wanavyotarajia. Anaangalia nia: yule anayetaka kumpendeza mumewe, yule anayetaka kuwasha tamaa za wengine, na yule anayefanya kwa wepesi wa moyo tu, hawa hawahukumiwi sawasawa. Kisha anaongeza tofauti inayotufaa sana hapa: kujitengenezea uzuri usiokuwa nao ni jambo moja, na kuficha ubaya wa sura uliotokana na sababu kama ugonjwa ni jambo lingine, na hili la pili ni halali.

Papa Pio XII aliligusa jambo hili waziwazi zaidi. Tarehe 4 Oktoba 1958, siku tano kabla ya kufa kwake, alizungumza na madaktari wa Italia wa upasuaji wa kurekebisha maumbile. Hakuwakataza kazi yao. Alifundisha kwamba uzuri wa mwili ni jema, ingawa si jema la juu kabisa, na kwamba kuurekebisha kunaweza kuwa halali pale nia inapokuwa njema, afya inapolindwa na sababu inapolingana na hatari. Alitaja pia nia zinazoharibu tendo, kama kutaka kuwavuta wengine dhambini au kumgeuza sura mhalifu ili haki isimpate. Mtu akisoma hotuba hiyo leo anashangaa jinsi ilivyo na upole kwa yule anayeteseka kwa sababu ya sura yake. Papa alijua kwamba mateso hayo ni mateso kweli.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2288 na 2289, inaweka mipaka ya pande zote mbili. Uhai na afya ni zawadi, nasi tuna wajibu wa kuvitunza kwa busara. Ila mwili si mungu. Kuuabudu, na kuutolea kila kitu kama sadaka, Kanisa linakuita upagani mpya.

Kuna kanuni nyingine ambayo mafrateri wanaijua kutoka darasani: kiungo ni kwa ajili ya mwili mzima, na kinaweza kupunguzwa kazi au hata kukatwa pale uzima wa mwili wote unapodai hivyo. Mgonjwa wa kusaga meno yuko ndani ya kanuni hiyo moja kwa moja. Msuli wake umegeuka kuwa mharibifu: unavunja meno, unachosha kiungo, unaleta maumivu. Kuupunguzia nguvu ni kuutetea mwili dhidi ya sehemu yake iliyozidi. Ikiwa uso wake utapungua pia, hayo ni matokeo ya pili, na hana sababu ya kuyaonea haya wala kujinyima tiba kwa ajili yake. Hata akifurahi kujiona kwenye kioo, furaha hiyo haiharibu tendo.

Kwa mwenye taya zima kanuni hiyo haifanyi kazi kirahisi hivyo. Hatusemi kila sindano ya urembo ni dhambi ya mauti. Tomaso na Pio XII hawaturuhusu kusema hivyo. Tunasema mzigo wa kutoa sababu umehamia kwake. Msichana mwenye upande mmoja wa taya ulionenepa kupita mwingine, ambaye tangu shule anajifunika kwa mtandio, ana sababu nzito. Bibi harusi ambaye mashangazi wamemwambia ana uso wa kiume ana uchungu wa kweli, lakini hapo sisi tungeuliza nani mgonjwa, taya au ndimi za mashangazi. Kijana anayetumia ada ya mdogo wake kila baada ya miezi minne ana swali la haki mbele yake, kabla hata ya swali la unyenyekevu. Na yupo yule asiyeridhika kamwe, ambaye kila kasoro ikirekebishwa anaona nyingine. Huyo pengine ana ugonjwa wa akili unaojulikana na madaktari, na sindano ya kumi haitamfaa. Anahitaji mtaalamu wa afya ya akili, na padre anayemjua anaweza kuwa wa kwanza kumwelekeza.

Limebaki jambo dogo ambalo kwa maoni yetu ndilo linalotendwa zaidi. Mtu anataka taya jembamba, na kliniki inamshauri aandikiwe kwamba anasaga meno, ili bima ilipe au ili mumewe asiulize. Hapo hatuko tena kwenye maadili ya urembo. Tumeingia Amri ya Nane, na bima ikilipa tumeingia na ya Saba. Mfuko wa bima unachangiwa na wagonjwa wa figo na akina mama wajawazito. Daktari anayeandika ugonjwa usiokuwepo anatenda kosa kubwa kuliko mteja, kwa sababu yeye ndiye anayeaminiwa.

Hatari ambayo padre hana budi kuijua

Mtu anaweza kuwa na nia njema kabisa na bado akatenda isivyo halali, kwa kuhatarisha uhai bila sababu. Mwaka 2009 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza kila chupa ya sumu hii ibebe onyo kali kuhusu kusambaa mbali na mahali ilipochomwa na kusababisha shida ya kumeza na kupumua. Ni nadra kwa dozi sahihi mikononi mwa daktari. Nje ya hapo mambo hubadilika. Mwaka 2004 huko Florida watu wanne walipooza baada ya kuchomwa sumu isiyo na kibali, isiyotengenezwa kwa ajili ya binadamu. Mwaka 2024 Marekani ilitoa tena tahadhari kuhusu chupa bandia zilizowadhuru watu katika majimbo kadhaa. Ikiwa nchi yenye ukaguzi mkali hivyo imeingiliwa, tusidanganyike kwamba kinachouzwa saluni kwa bei nafuu ni salama.

Anayefikiria sindano hii kwa sababu yoyote aulize kwanza kama dawa imesajiliwa, kwa Tanzania na TMDA, kwa Kenya na Bodi ya Dawa na Sumu, na kama anayechoma ni daktari aliyesajiliwa. Aulize ni dawa ya kampuni gani, kwa kuwa uniti za kampuni moja hazilingani na za nyingine, na kuzichanganya kumewaletea watu dozi isiyo yao. Mjamzito na anayenyonyesha hawapaswi kuchomwa. Mwenye ugonjwa wa neva na misuli, kama myasthenia gravis, yuko katika hatari kubwa. Anayetumia baadhi ya antibiotiki, kama jentamaisini, lazima amwambie daktari. Na ajue kwamba msuli wa kutafunia kwa miaka mingi haukuwamo katika orodha ya matumizi yaliyoidhinishwa Marekani. Madaktari wameutibu kwa uzoefu na kwa hiari yao ya kitaalamu. Hilo si haramu kitabibu, lakini mgonjwa ana haki ya kuambiwa kabla ya kutia sahihi.

Kwa wahudumu wa uchungaji

Mwamini akija na swali hili, tusianze na jibu. Tumuulize kwanza: unaumwa? Mara nyingi mlango hufunguka hapo. Anayesema anataka kupunguza uso anaweza kueleza kwamba hajalala vizuri tangu msiba, na kwamba taya linauma kila asubuhi. Kumbe kilichomleta ni maumivu, na urembo ndio maneno pekee aliyopewa na tangazo. Na anayesema anasaga meno anaweza, akisikilizwa bila kuharakishwa, kukiri kwamba mchumba wake amemcheka. Kila mmoja anahitaji neno lake.

Kitubioni tujizuie kuuliza kupita kiasi juu ya mwili wa mtu, hasa mwanamke. Nia, haki, ukweli na hatari vinatosha. Wenye maumivu ya meno na taya tuwakumbushe pia Mtakatifu Apolonia, Mwafrika mwenzetu, bikira wa Aleksandria aliyepigwa taya hadi meno yakavunjika kabla ya kufia imani mwaka 249; sikukuu yake ni tarehe 9 Februari, na Kanisa limemwona tangu zamani kuwa mwombezi wa wenye maumivu ya meno.

Na kwa mafrateri, kwa kuwa tumeulizwa: ndiyo, frateri anayesaga meno anaweza kutibiwa, hata kwa sindano, ikiwa daktari wa meno ameona kinga ya usiku haikutosha. Amweleze gambera mapema, kwa sababu ya gharama na kwa sababu tiba hii hurudiwa. Aende na mwenzake wa chumbani akipata nafasi, maana yeye mwenyewe huwa amelala, na anayeweza kumwambia daktari sauti inaanza saa ngapi ni yule wa kitanda cha pili.